Damu ya Mzee

Sweta arobaini za shule, mwalimu mkuu alisema,
zote rangi moja: damu ya mzee.
Mzee gani, sijawahi kuuliza.
Rangi zetu tumeziazima kwa majirani:
chungwa kwa mti wake, kahawia kwa buni,
kijivu kwa jivu la jana,
na ngozi ya binti yangu kwa maji ya kunde.

Nikashuka Mwanjelwa asubuhi ya Juni,
ukungu umeikalia Loleza kama kilemba kilicholowa.
Duka la Sanga limeezekwa plastiki ya kijani,
mwenyewe anajisifu, haliwashi taa mchana.
Ndani kila mtu ana sura ya aliyemeza shubiri.
Meno ya Sanga kijani. Noti zangu kijani.
Nikapanga mabonge ya uzi bega kwa bega,
ya rafu ya juu na ya rafu ya chini,
yote yamefifia kuelekea weusi.
"Baba mmoja, mama mmoja," akasema Sanga,
nami nikalipa.

Usiku umeme ulikatika. Nikafuma kwa koroboi,
na koroboi nayo ina upande wake,
haikusema kitu.

Uyole, siku ya tatu, jua likapasua ukungu.
Mkono wa kulia: damu ya mzee.
Mkono wa kushoto: kahawia, kahawia ya viatu!
Nikatukana kwa Kinyakyusa,
maana matusi yangu ya Kiswahili hayana meno.

Ikupa, kidato cha pili, akaramba pipi yake hadi mwisho,
akanipa karatasi nyekundu. "Weka jichoni. Tazama mgomba."
Mgomba ulikuwa mweusi, majani kama yaliyopitiwa na moto.
Shati jeupe la jirani kwenye kamba lilikuwa jekundu.
"Jani halina kijani, mama.
Mwanga unakuja na rangi zote.
Jani linakula nyekundu, linakula bluu,
kijani linakitema.
Tunachokiona ni makombo."

"Na kwa Sanga?"

"Kwa Sanga paa limekula nyekundu kabla haijashuka.
Uzi ungerudisha nini?
Mtu hatemi asichopewa."

Nikakaa na maneno hayo, sindano mapajani.
Nikamkumbuka baba yake,
niliyemwona mara ya kwanza chini ya mwavuli mwekundu wa soda,
mashavu yameiva, mtu wa afya, mtu wa heri.
Tulipotoka nje ya mwavuli,
lakini hilo ni shauri jingine.

Nilikwenda kugombana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.
"Toka nje," nikamwambia Sanga, "na bonge lako."
Akatoka, amekunja macho,
akaligeuza, akaligeuza tena,
akaliweka kando ya lenzake kwenye ukingo wa mtaro.
"Miaka sita nauza," akasema polepole,
"na hii sijawahi kuiona."
Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Pesa hakurudisha. Mkinga ni Mkinga.
Alinipa mabonge saba mengine, tukiyachagua barabarani,
na wiki iliyofuata akapanda juu na msumeno,
akakata kipande cha paa, akabandika plastiki isiyo na rangi.
Hakuibandika vizuri. Machi inavuja
na uzi wa bei inabidi uhamishwe.
Lakini wateja wanasogea hapo kama kuku kwenye jua,
wanainua uzi, kisha bila kujua
wanainua na viganja vyao,
kuvitazama.

Ile sweta ya baba wawili sikuifumua.
Ilikuwa saizi ya kijana mkubwa, inanitosha.
Naivaa Julai, baridi inapouma masikio,
na watu wa Uyole wamechoka kunicheka.
Nikiingia kwa Sanga, kabla sijafika penye mwanga,
mikono yangu inakuwa ndugu tena,
hatua nne,
tano.